Donge la Vitambaa Mgongoni

"Hivi Pokuaa, usiku huwa unasaga nini?"

Mama Asabea alimuuliza hivyo jirani yake asubuhi moja, ndoo zikiwa zimepangwa foleni bombani. Hakuuliza kwa ubaya. Nyumba yao ya Bantama, mtaa wa Kumasi, ilikuwa na vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja, na kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili humwambia afya.

Pokuaa alijifanya anatazama maji. Akasema hasagi kitu.

"Basi kuna lori la mchanga chini ya kitanda chako," Mama Asabea akasema, "na dereva hataki kuzima injini."

Wanawake walicheka. Pokuaa akacheka nao, kisha akabeba ndoo yake kabla haijajaa.

Alikuwa fundi cherehani, miaka thelathini kasoro, mrefu, mweusi wa kung'aa, na shingo yenye mikunjo ambayo watu wa kwetu huisifu kuliko mkufu. Mchana hakuwa na kasoro ya kutajwa. Usiku ndipo koo lake lilipomgeuka. Alikoroma kwa nguvu, kisha pumzi ikakatika kabisa, kisha ikarudi kwa kishindo kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani. Hata mchana usingizi ulimwiba akiwa kwenye cherehani, kwa sababu wa usiku haukumtosha. Na dunia haina usawa katika jambo hili. Mwanamume akikoroma, watu husema amechoka na kazi. Mwanamke akikoroma, wanamtafutia jina.

Alikutana na Adomako soko la Kejetia, kwenye njia ya wauza vitambaa vya msiba, siku ya Alhamisi ambapo nusu ya Kumasi hununua nyeusi na nyekundu kwa maziko ya Jumamosi. Watu walisukumana, wapagazi walipiga kelele wapishwe. Adomako alikuwa amesimama katikati yao na kipande kidogo cha kitambaa mkononi, amevaa shati la samawati lililopigwa pasi vizuri, anabishana na muuzaji. Alikuwa ametumwa na mama yake mkubwa atafute yadi ishirini za nyeusi inayofanana na kile kipande.

Pokuaa alikuwa kando yake. Kwa mtu anayeshinda akishona nguo za msiba, siku hiyo alikuwa amevaa gauni la njano.

"Kaka, hiyo si nyeusi," akamwambia.

"Ni nini?"

"Ni kahawia iliyochoka."

Adomako alitazama kitambaa, akamtazama yeye. "Dada, mimi kazi yangu ni maturubai na viti. Kwangu nyeusi ni nyeusi."

"Ndiyo maana umeletwa kuibiwa."

Alikivuta kitambaa hadi penye mwanga, akamwonyesha kinavyogeuka rangi juani. Muuzaji alimtukana Pokuaa kwa sauti ya chini, naye akamjibu kwa salamu ya heshima. Walipomaliza kununua kwa muuzaji mwingine, Adomako alibeba mzigo wake na wa Pokuaa hadi barabarani, akimsimulia kwamba ameweka maturubai kwenye misiba mingi, lakini ni mara yake ya kwanza kutoka msibani akitabasamu. Pokuaa akamwambia hapa si msibani, ni sokoni. "Basi nipe namba ya simu," Adomako akasema, "nikifiwa nijue pa kushona."

Hakufiwa, lakini alipiga simu jioni ileile.

Wakawa watu wa simu. Alimwita malkia, alimwita mama watoto kabla ya watoto, alimuuliza amekula nini na amekula na nani. Pokuaa alimwita Bwana Viti. Wakati mwingine walizungumza hadi vyombo vya majirani vikawa vimekwisha kuoshwa na taa za ua zimezimwa. Lakini Pokuaa alikuwa na tabia moja iliyomuudhi mpenzi wake. Macho yakianza tu kuwa mazito, alikata simu katikati ya neno.

"Mbona unanikatia kama unadaiwa?" Adomako alimuuliza.

"Usingizi, mpenzi."

"Si ulale na simu sikioni. Nisikie ukilala. Wenzetu wanafanya hivyo."

"Wenzetu hawana kazi asubuhi," Pokuaa akajibu, akakata.

Adomako alikuwa mwongoza kwaya kanisani, na mwaka ule wazee walikuwa wamemtaja awe mzee wa kanisa, mdogo kuliko wote waliowahi kukalia benchi lile. Mama yake alikufa yeye Adomako akiwa mchanga. Aliyemlea ni Mama Dufie, dada mkubwa wa mama yake, mwanamke mnene, msafi, mwenye sauti ndogo, kiongozi wa akina mama wa maombi. Adomako alikuwa mtu mzima mwenye ghala na wafanyakazi, lakini Mama Dufie akikohoa alikaa sawa kwenye kiti.

Alipomweleza mama yake mkubwa kwamba amempata msichana, Mama Dufie hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kaka yake wa Techiman amefariki, maziko ni mwisho wa mwezi, familia yote itakwenda. "Mlete. Msibani ndiko mtu anakoonekana. Nitalala naye chumba kimoja."

Adomako alimletea Pokuaa habari hizo kama mtu aliyebeba keki. Kwetu, kabla wazee wa mwanamume hawajaenda kupiga hodi kwa wazazi wa msichana, ukoo huulizia: kama nyumba hiyo ina kifafa, ukoma, wazimu au mikono ya damu. Hayo Pokuaa hakuyaogopa, kwao hayakuwepo. Aliogopa kuchekwa. Alijiona amelala kinywa wazi mbele ya mama mkwe, na hadithi ikifika kwa Adomako kabla ya kifungua kinywa.

Alimwendea Mama Asabea, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtajia jambo hilo. Mama Asabea hakucheka safari hii. Alisema marehemu mume wake alikuwa hivyohivyo, na kwamba mtu hukoroma zaidi akilala chali. Dawa ni kumfanya asiweze. "Tengeneza donge gumu, ulishonee mgongoni kwenye gauni la kulalia. Ukigeuka chali litakuchoma, utarudi ubavu bila kuamka. Mume wangu nilimwekea la ukubwa wa limau. Tuliishi kwa amani."

Pokuaa alikusanya mabaki ya kazi, vipande vyeusi na vyekundu, akavikunja na kuvikaza kwa uzi, uzi juu ya uzi, hadi likawa donge gumu kama kokwa. Akalishonea mfuko mdogo mgongoni mwa gauni lake jeupe la kulalia. Kazi safi, mshono hauonekani. Alipolijaribu, Mama Asabea alimwambia asubuhi kwamba lori limepungua, limekuwa pikipiki.

Techiman walifika Ijumaa jioni. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa, na Mama Dufie na Pokuaa wakapewa chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Pokuaa aliomba alale kwenye mkeka. Mama Dufie akakataa, akasema mgeni wake hawezi kulala chini kama mzigo.

Usiku wa kwanza Pokuaa hakulitumainia donge. Alitafuna kola chungu ya kufukuza usingizi, akakaa ukingoni mwa kitanda gizani, akisema anaomba. Kweli aliomba, lakini alichoomba ni kukuche. Mama Dufie alipoamka na kumkuta vilevile, mikono magotini, moyo wake ulilainika. Asubuhi aliwaambia wanawake wenzake kwamba siku hizi hakuna vijana wa kukesha katika maombi, ila huyu wa Adomako.

Jumamosi yote Pokuaa alitumika. Alivaa nyeusi iliyomkaa kiunoni na kitambaa chekundu kichwani, akabeba maji, akapokea wageni mkono kwa mkono katika foleni isiyoisha, akacheza ngoma ya msiba kwa hatua ndogo na mikono ya huzuni hadi wazee wakamwekea vidole viwili juu ya kichwa kumsifu. Adomako alikuwa upande wa wanaume, amejifunga nguo kubwa begani, akimtazama bila haya. Walipopishana kwenye mapipa ya maji alimnong'oneza, "Malkia, watu wanauliza wewe ni wa nani."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia wasubiri hodi."

Ilipofika usiku mwili wa Pokuaa haukuwa tena na nguvu ya kukesha. Alivaa gauni lake, akajilaza ubavu, akalala.

Mama Dufie alisikia mkoromo, akatabasamu, akamwonea huruma mtoto wa watu aliyechoka. Kisha mkoromo ukakatika. Alingoja pumzi. Haikuja. Alingoja tena. Kisha yule binti akashtuka mwili mzima, mguu ukapiga ukuta, akavuta hewa kwa sauti ya mtu anayezama, na baada ya hapo ikaanza upya. Mama Dufie aliogopa. Alinyoosha mkono amwamshe, na mkono wake ukashika kitu kigumu katikati ya mgongo wa gauni. Alikipapasa. Aliwasha tochi ya simu, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa chepesi, aliona ndani yake donge jeusi na jekundu lililozungushiwa uzi. Hakumwamsha. Alihamia kwenye kiti, Biblia mapajani, hadi alfajiri.

Asubuhi Pokuaa aliona kiti kimevutwa, lakini Mama Dufie alikuwa amekwisha kuoga.

"Umelala salama, mama?"

"Nimelala, mwanangu," akajibu kwa upole, na mezani akamwekea kipande kikubwa cha samaki.

Pokuaa alirudi Kumasi akielea. Alimwambia Mama Asabea kwamba donge limefanya kazi, mama mkwe hakusikia kitu. Walicheka hadi wakashikana mabega.

Siku chache baadaye, mwanamke asiyejulikana alikuja kwenye ua akijifanya anatafuta chumba cha kupanga. Aliketi kwa Mama Asabea, akauliza bei ya umeme, akauliza tabia za wapangaji, na katikati ya maneno akauliza kama yule fundi wa chumba cha pili hulala vizuri. Mama Asabea akatambua mara moja kwamba huyu ametumwa na ukoo wa mwanamume. Akaamua kumsitiri jirani yake.

"Yule? Analala kama mtoto mchanga. Simsikii hata akigeuka."

Ilikuwa huruma, lakini uongo ni uongo. Habari ilipofika kwa Mama Dufie ilimaliza shaka yake yote. Alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Sasa hata majirani wanaficha.

Akamwita Adomako, akamwita na kaka yake mwingine, Mzee Frimpong, mkuu wa ukoo. Waliketi sebuleni kwake alasiri, pangaboi likizunguka.

"Mwanangu," Mama Dufie akasema, "yule binti ana ugonjwa wa kuanguka. Pumzi inakatika, anarusha miguu, anarudi kama mtu aliyetoka kaburini. Na mgongoni amevaa hirizi ya mganga. Nimeishika kwa mkono huu."

Adomako hakushangaa kama walivyotarajia, kwa sababu alichoelezwa alikijua. Miezi mingi nyuma, alasiri ya mvua kubwa, alikuwa amekimbilia dukani kwa Pokuaa akakuta mlango umerudishwa nusu. Kabla hajaingia alisikia sauti. Alichungulia, akamwona mpenzi wake ameweka kichwa juu ya kitambaa chekundu kando ya cherehani, amelala, anakoroma. Alisikia pumzi ikikatika, akasikia ikirudi. Alisimama pale muda mrefu, maji yakimtiririka mgongoni. Kisha akaondoka kwa kunyata, akangoja mvua ipungue, akarudi akiimba kwa sauti barabarani ili Pokuaa aamke kabla hajafika. Hakuwahi kumwambia.

Kwa hiyo alijua huo ulikuwa mkoromo wala si kifafa. Hirizi hakuielewa, lakini mkoromo aliujua kama anavyojua nyimbo zake za kwaya.

Mzee Frimpong alimgeukia. "Wewe ndiye uliye karibu naye. Kuna lolote unalolijua juu ya usingizi wa binti huyu?"

Neno moja lingetosha. Lakini nyuma ya neno hilo Adomako aliona swali la pili: amemsikia wapi akilala? Nani angeamini habari za mvua na mlango uliorudishwa nusu? Kusimikwa kwake kuwa mzee wa kanisa kulikuwa Jumapili ya pili kutoka siku ile. Mama Dufie alikuwa amekwisha kumshonea joho.

"Hapana, mjomba," akasema. "Usingizi wake nitaujulia wapi?"

Mama Dufie alimgusa goti kwa fahari. Wakakubaliana kwamba hawataenda kupiga hodi, na hawatasema sababu, maana kumtaja mtu kwa ugonjwa ule ni kumzika. Hilo nalo lilisemwa kwa nia njema. Ila Mama Dufie alimwambia dada mmoja wa kikundi, mmoja tu, ili wamwombee yule binti. Sisi tunaokwenda kwenye maombi tunajua habari hutembea vipi ikianza na "tumwombee."

Siku ya hodi ilikuwa imekwisha kupangwa, na hakuna aliyepeleka taarifa ya kuifuta. Ijumaa wafanyakazi wa Adomako, ambao hawakuambiwa lolote, walileta viti vya samawati na turubai uani kwa Pokuaa kama walivyoagizwa zamani. Jumamosi mama yake Pokuaa alifika kutoka Mampong na mjomba wake, Mzee Badu, akiwa na fimbo yake ya msemaji wa ukoo. Wali ulipikwa kwa nyanya na kuku. Pokuaa alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, lesi nyeupe kifuani, akakaa chumbani kama inavyompasa msichana anayeposwa, akisikiliza kila gari linalopunguza mwendo.

Jua lilivuka turubai. Kuku akapoa, akapashwa moto, akapoa. Mzee Badu aliuliza mara kwa mara kama saa yake ndiyo mbovu. Mwishowe Pokuaa akapiga simu, na simu ikaita hadi ikakatika, akapiga tena, hadi Adomako akapokea.

"Wazee wamefika wapi?" akamuuliza.

"Hawaji, Pokuaa."

"Leo hawaji, au hawaji?"

Adomako akarudia jina lake tu.

"Nimefanya nini? Niambie tu nijue."

"Hujafanya kitu. Nisamehe." Na safari hii aliyekata ni yeye.

Mzee Badu hakumuuliza mpwa wake neno. Alikula kidogo ili wasitupe chakula cha Mungu, akaaga. Jumatatu wafanyakazi walikuja kuchukua viti, wakavipakia bila kumtazama mtu usoni.

Pokuaa aliamini amekataliwa kwa sababu ya kukoroma. Aliamini Mama Dufie alisikia, akajifanya hakusikia, na mwanamume aliyemwita malkia ameona aibu ya kulala na lori. Kwa hilo hakuweza kumlaumu mtu, akalilaumu koo lake. Alianza kulala ameketi, mto nyuma ya shingo, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kama kitambaa cha msiba. Jumapili alikaa nyuma kabisa katika kanisa la Adomako, alikokuwa amezoea kusali naye, akamwona Adomako akisimikwa katika joho jipya, akaimba pamoja na wote.

Lakini mambo mengine hayakueleweka. Mteja wa miaka mingi alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa. Mwanamke mwingine alimvuta mtoto wake kutoka kwenye benchi la duka kana kwamba kuna moto. Kanisani, siku ya meza ya Bwana, aliyeketi kando yake alipopokea kikombe baada yake aliufuta ukingo kwa leso, akaufuta tena, kisha akampitishia mwingine bila kunywa. Pokuaa alijiuliza tangu lini kukoroma kunaambukiza.

Mama Asabea ndiye aliyelipata jibu, kwenye mashine ya kusaga pilipili. Alisikia wanawake wawili wakimtaja fundi wa Bantama mwenye kifafa anayevaa hirizi mgongoni. Aliacha pilipili yake kwenye mashine, akaenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mama Dufie na harufu yake ya jasho.

"Mama wa maombi," akamwambia mlangoni, "ile hirizi mganga wake ni mimi."

Alieleza yote: lori, marehemu mume wake, donge la ukubwa wa limau, yule mpangaji wa uongo na jibu la uongo alilompa. Akasema kama hawaamini, waje waketi uani kwake siku yoyote, wasikie wenyewe, wala hawatalipa kiingilio. Mama Dufie aliketi. Hakujitetea. Alikuwa mtu wa haki alipouona ukweli, na hilo lazima lisemwe. Jumapili baada ya ibada aliwasimamisha akina mama kwenye ua wa kanisa, akamshika Pokuaa mkono mbele yao, akasema, "Nilimzushia binti huyu ugonjwa asiokuwa nao. Nimekosa kwa Mungu na kwake." Pokuaa alipiga magoti kwa adabu, Mama Dufie akamwinua, wote wawili wakalia.

Usiku ule Adomako akapiga simu.

"Malkia," akasema.

"Bwana Viti," Pokuaa akajibu. Wakalia kila mtu na simu yake, na baadaye wakacheka kwa kulia kwao.

Walipanga kukutana mchana wa kesho yake, kwenye mgahawa wa fufu karibu na barabara kuu ya Bantama, ambako wapishi hutwanga muhogo na ndizi za fufu nyuma ya ukuta na meza hutikisika kidogo kwa kila pigo. Pokuaa alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kijani, akapaka mafuta shingoni. Adomako alikuwa amefika mapema, ameagiza supu ya mbuzi na bakuli la maji ya kunawa. Alipomwona alisimama, akasahau kuketi.

"Umekonda," akamwambia.

"Nimekesha. Wewe umenenepa na uzee wa kanisa."

Walinawa, wakala bakuli moja. Adomako akamweleza kwamba wazee watakuja Jumamosi, kwamba Mama Dufie ametoa kitambaa cha thamani kutoka sanduku lake mwenyewe, kwamba Mzee Frimpong ataomba radhi kwa Mzee Badu kwa mdomo wake. Pokuaa alisikiliza, na taratibu uso wake ukaanza kurudi mahali pake. Aliona nyumba, akaona mlango wao wenyewe. Kisha akachokoza, ingawa kwa woga.

"Lakini kweli utaweza? Chumba kimoja na mimi, kila siku? Utahamia sebuleni mwezi wa kwanza."

"Siendi popote."

"Hujui unachosema. Hujawahi kusikia."

Adomako akatabasamu. Alitaka kumwondolea aibu yote iliyobaki, na alikuwa na kitu alichokitunza kwa muda mrefu kama zawadi.

"Nimesikia," akasema. "Zamani. Ile mvua kubwa ya mwaka jana, nilifika dukani kwako ukiwa umelala kwenye meza. Nilisimama mlangoni nikakusikiliza, Pokuaa. Nikasema moyoni, huyu ndiye nitakayemsikia maisha yangu yote. Nikaondoka polepole ili usione haya."

Macho ya Pokuaa yakajaa machozi, na kwa kitambo yalikuwa machozi ya furaha. Kisha mkono wake ukatulia juu ya bakuli.

"Na pumzi ikikatika, ulisikia?"

"Nilisikia. Nilishtuka, ikarudi, nikacheka peke yangu."

"Mwaka jana."

"Mwaka jana, mpenzi."

Nyuma ya ukuta mchi uliendelea kutwanga.

"Mama Dufie aliposema ni kifafa," Pokuaa akauliza, "ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kuna aliyekuuliza?"

Adomako alivuta mkono wake kutoka kwenye chakula. "Mzee Frimpong aliuliza. Pokuaa, ningesema nimekusikia umelala, wangeuliza nimekusikia wapi. Ungechafuka na wewe. Na siku zile nilikuwa nakaribia kusimikwa."

"Ulisema nini?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Nimekuuliza ulisema nini."

"Nilisema sijui," Adomako akajibu, sauti ikiwa imeshuka. "Lakini imekwisha. Wazee wanakuja. Mama Mkubwa mwenyewe amekuomba radhi kanisani, mbele ya watu."

Pokuaa alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama kama fundi anavyotazama kitambaa alichokwisha kukilipia kinapogeuka rangi juani. Alivuta bakuli la maji, akanawa kidole kimoja kimoja hadi mafuta ya supu yakaisha, akajifuta kwa leso yake. Adomako akamwita jina. Akamwita malkia. Akamuuliza kama Jumamosi aje na wazee asubuhi au mchana.

Pokuaa akachukua mkoba wake, akapita katikati ya meza, akainama kidogo kumpisha mhudumu aliyebeba bakuli za moto, akatoka.